Chagas: Maradhi yanayoutafuna moyo kimyakimya kwa miaka 30

MTU anaweza kulima, kuoa, kulea watoto na hata kucheza na wajukuu bila kujua kwamba kuna kiumbe kilichojificha ndani ya misuli ya moyo wake tangu akiwa mtoto. Siku moja akiwa shambani au akipanda ngazi anashikwa na kizunguzungu, anaanguka, na wakati mwingine haamki tena.

Hivyo ndivyo ugonjwa wa Chagas umekuwa ukiua watu kwa vizazi vingi katika vijiji vya Amerika Kusini na Amerika ya Kati. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 7 wanaishi na viini vya maradhi hayo, na zaidi ya 10,000 hufariki kila mwaka.

Ugonjwa huu husababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Trypanosoma cruzi. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda amewahi kulisikia jina hilo la kwanza, kwa kuwa vimelea vya ukoo huohuo ndivyo huleta malale, maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Malale yaliangamiza takriban watu 250,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Kenya nayo ilithibitishwa na WHO mnamo Agosti 2025 kuwa imeyatokomeza kama tatizo la afya ya umma.

Hata hivyo, ndugu hawa wawili hawafanani kwa tabia. Kimelea cha malale huogelea katika damu na hatimaye huuvamia ubongo. Kile cha Chagas hakitosheki na damu, bali huingia ndani ya seli zenyewe za mwili na kuzaana humo. Miongoni mwa seli kinazopenda zaidi ni zile za misuli ya moyo.

Mdudu aitwaye kinyozi

Anayekieneza kimelea hiki ni mdudu wa jamii ya kunguni, ila yeye ni mkubwa zaidi, mwenye urefu wa sentimita 2 au 3, na wengi wao wana mabawa. Mchana hujificha katika nyufa za kuta za udongo na katika mapaa ya nyasi. Usiku watu wanapolala hutoka kutafuta damu, na kwa kuwa uso ndio ambao mara nyingi haukufunikwa, huko ndiko huuma. Ndiyo maana watu wa Brazil wakamwita barbeiro, yaani kinyozi. Katika nchi za Argentina, Bolivia na Chile hujulikana kama vinchuca.

Mbu na mbung'o humwambukiza mtu kwa mate wanapomuuma. Mdudu huyu hutumia njia nyingine. Akishiba huacha kinyesi chake juu ya ngozi, na ni ndani ya kinyesi hicho ambamo vimelea hukaa. Mtu akijikuna usingizini, au akisugua jicho kwa mkono uliochafuka, huviingiza mwilini mwenyewe.

Zipo njia nyingine pia. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Damu inayotolewa hospitalini bila kupimwa, au kiungo kinachopandikizwa, vilevile huweza kubeba vimelea. Chakula nacho si salama daima. Mnamo 2007 watu 103, wengi wao wanafunzi, waliambukizwa katika shule moja jijini Caracas, Venezuela, baada ya kunywa maji ya mapera yaliyochafuliwa. Mtoto mmoja alifariki.

Majuma ya kwanza baada ya kuambukizwa hayana kishindo. Wengi hupata homa kidogo, uchovu na maumivu ya mwili, mambo ambayo mtu yeyote wa mashambani angeyadhania kuwa mafua au malaria. Baadhi huvimba kope za jicho moja, dalili iliyoelezwa na daktari Cecilio Romaña wa Argentina mnamo 1935 na ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Wachache, hasa watoto wadogo, hufa katika kipindi hiki kutokana na moyo au ubongo kuvimba. Waliosalia hupona, au tuseme huonekana kupona. Baada ya miezi miwili hivi vimelea huwa adimu sana katika damu, homa huisha, na familia husahau.

Daktari aliyeishi ndani ya behewa

Maradhi haya yamepewa jina la Carlos Chagas, tabibu wa Brazil aliyezaliwa 1879. Alikuwa ametumwa katika kijiji cha Lassance, jimbo la Minas Gerais, kupambana na malaria iliyokuwa ikiwaangusha wajenzi wa reli. Behewa la garimoshi lilikuwa makao yake, maabara yake na zahanati yake. Mhandisi mmoja wa reli alimwonyesha wadudu waliokuwa wakiwanyonya wafanyakazi damu usiku, naye alipowapasua alikuta vimelea matumboni mwao. Mnamo Aprili 1909 alivipata vimelea hivyohivyo katika damu ya mtoto wa kike wa miaka 2 aliyekuwa na homa.

Katika historia ya tiba ni nadra mtu mmoja kugundua kimelea, mdudu anayekieneza na ugonjwa wenyewe, tena kwa mpangilio huo wa kinyumenyume. Kimelea alikiita cruzi kwa heshima ya mkuu wake, Oswaldo Cruz. Tangu 2020, tarehe 14 Aprili huadhimishwa kuwa Siku ya Ugonjwa wa Chagas Duniani.

Lakini sifa hizo hazikuja kwa urahisi. Chagas alikosea alipodai kuwa rovu, uvimbe wa shingo uliokuwa umeenea sana Minas Gerais, ulisababishwa pia na kimelea chake. Wapinzani wake wakashika hapohapo. Kufikia mapema miaka ya 1920 wapo madaktari wenzake waliosema waziwazi kuwa ugonjwa huo ulikuwa wa watu wachache wa kijiji kimoja. Mnamo 1922 yeye na mwenzake Eurico Villela walichapisha maelezo kuhusu namna moyo unavyoathirika, lakini wengi hawakuyatilia maanani. Chagas alifariki 1934 akiwa na umri wa miaka 55, ubishi ukiwa haujaisha.

Uliomalizwa na mashine, unaweza kusema. Kuanzia 1943 watafiti wakiongozwa na Emmanuel Dias walifungua kituo katika mji mdogo wa Bambuí, uliopo jimbo hilohilo. Pamoja na daktari wa moyo Francisco Laranja, walianza kuwapima wanavijiji kwa chombo kinachochora mapigo ya moyo kwenye karatasi, ECG. Michoro ya wale walioambukizwa ilikuwa na kasoro zilizojirudia kwa mtu hadi mtu. Makala yao ya 1956 katika jarida la Circulation la Marekani ndiyo yaliyowafanya madaktari wa dunia kukubali kwamba Chagas ni ugonjwa wa moyo, tena wenye alama zake.

Kinachotokea ndani ya moyo

Ili kuelewa alama hizo ni vyema kukumbuka jinsi moyo unavyofanya kazi. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kila pigo huanza na cheche ndogo ya umeme inayozalishwa sehemu ya juu ya moyo, kisha umeme huo husafiri kwa njia maalumu hadi vyumba viwili vya chini, ambavyo hukaza misuli yake kwa pamoja na kusukuma damu. Njia hiyo ikikatika, vyumba vya juu na vya chini huacha kuelewana.

Kimelea kikiingia katika seli ya misuli ya moyo hupoteza mkia wake na kuwa kama kitone cha mviringo. Hujigawa mara mbili, kisha mara nne, mara nane, na kuendelea. Baada ya siku chache seli hujaa mamia ya vitone hivyo na kupasuka. Vimelea humwagika, vingine vikaingia katika seli jirani na vingine katika damu, ambako mdudu mwingine anaweza kuvinyonya.

Kinga ya mwili haikai bure. Chembechembe nyeupe za damu hukimbilia mahali palipopasuka na kuua vimelea vingi, na ndiyo sababu homa ya mwanzo huisha. Ila haziwezi kuvimaliza vyote. Vichache hubaki vimejificha ndani ya seli, na kila vinapochomoza vita huanza tena. Vita hivyo ni vidogo, havisikiki, wala havimzuii mtu kwenda kazini. Lakini kila mara seli chache za moyo hufa, na moyo hauna uwezo wa kutosha wa kuotesha nyingine. Pengo huzibwa kwa kovu.

Kovu halikazi wala halisafirishi umeme ipasavyo. Kovu moja haliuangushi moyo. Ni makovu ya miaka 10, 20 au 30, yakiwa yamesambaa kama viraka katika nguo kuukuu, ambayo huleta maafa.

Kwanza kuharibika mara nyingi huwa ni njia za umeme. Katika michoro ya wagonjwa wa Chagas madaktari hukuta kwa kawaida kwamba tawi la kulia la njia hizo limeziba, mara nyingi pamoja na sehemu ya mbele ya tawi la kushoto. Mchoro wa namna hiyo ukionekana kwa mtu wa makamo aliyelelewa katika vijiji vya Bolivia au Brazil, daktari mzoefu wa huko humshuku mdudu kabla ya kushuku jambo jingine. Uharibifu ukizidi, umeme hushindwa kabisa kufika chini, moyo hupiga polepole mno na mgonjwa huzirai.

Pili, umeme unaozunguka kandokando ya makovu huweza kujizungusha wenyewe bila kusubiri amri. Hapo vyumba vya chini hupiga mbio kupita kiasi, na mbio hizo zikigeuka kuwa mtetemeko, damu haisukumwi tena. Kifo cha ghafla cha aina hii kwa muda mrefu kimehesabiwa kuwa miongoni mwa njia kuu zinazowaua wenye moyo wa Chagas, na humpata hata mtu ambaye hakuwa amelazwa kitandani.

Tatu, ukuta wa moyo wenyewe hulegea. Katika ncha ya chumba cha chini cha kushoto misuli huwa myembamba hadi ikatokeza mfuko, kana kwamba mtu ameubonyeza moyo kwa kidole kutoka ndani. Damu inayotuama katika mfuko huo huganda. Bonge likichomoka husafirishwa hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Wapo wagonjwa ambao kiharusi ndiyo habari yao ya kwanza kuhusu kimelea walichokibeba tangu utotoni.

Mwishowe moyo wote hutanuka na kuwa kama puto lililochoka. Mgonjwa hukosa pumzi akitembea hatua chache, hushindwa kulala chali, na miguu na tumbo huvimba kwa maji. Wakati mwingine hulalamika kifua kinamuuma, lakini akipimwa mishipa mikubwa inayoulisha moyo hukutwa haina tatizo.

Moyo hauko peke yake. Fritz Köberle, mtaalamu mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi katika mji wa Ribeirão Preto, Brazil, katika miaka ya 1950 alihesabu seli za neva katika maiti za wagonjwa na kukuta zimepungua mno, moyoni na pia katika njia ya chakula. Neva zikifa, umio na utumbo mpana hutanuka. Mtu hushindwa kumeza, au hukaa majuma bila kwenda haja.

Kwa nini wengine huponyoka

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba wengi wa walioambukizwa hawafiki huko. Kulingana na WHO, takriban watu 3 kati ya 10 hupata madhara ya moyo, na hadi 1 kati ya 10 hupata madhara ya njia ya chakula au ya neva. Waliobaki huzeeka na vimelea vyao na kufa kwa sababu nyingine. Katika kundi la wale ambao moyo bado ni mzima, takriban wawili katika kila mia huvuka upande wa wagonjwa kila mwaka.

Katika miaka ya 1970 wataalamu kadhaa walieneza nadharia kwamba kimelea huwa kimekwisha kuondoka na kwamba kinga ya mwili, kwa kuchanganyikiwa, ndiyo inayoushambulia moyo. Nadharia hiyo haikuwa ya kitaaluma tu. Ikiwa adui ameondoka, kuna haja gani ya kumpa mgonjwa dawa ya kumuua adui? Kwa miaka mingi wagonjwa watu wazima hawakupewa dawa kwa sababu ya fikra hiyo. Baadaye vipimo vya chembe za urithi vilionyesha kuwa mabaki ya kimelea yapo ndani ya mioyo iliyoharibika, na leo wengi hukubali kwamba uwepo wake ndio unaochochea moto, hata kama kinga yenyewe huongeza kuni.

Dawa zilizopo ni mbili pekee, benznidazole na nifurtimox, zote za zaidi ya nusu karne. Hunywewa kwa takriban miezi miwili na huwasumbua watu wazima kwa vipele, kichefuchefu na ganzi ya miguu, hata baadhi wakaziacha njiani. Kwa mtoto mchanga aliyeambukizwa na mamaye, zikitolewa ndani ya mwaka wa kwanza huponya karibu wote. Katika majaribio ya miaka ya 1990 nchini Brazil na Argentina, takriban watoto 6 kati ya 10 wa umri wa kwenda shule waliotibiwa hawakuonyesha tena alama za maambukizi katika damu baada ya miaka michache.

Kwa moyo uliokwisha kuharibika hali ni nyingine. Jaribio kubwa lililoitwa BENEFIT, ambalo matokeo yake yalitangazwa 2015, liliwafuatilia wagonjwa 2,854 katika nchi za Argentina, Bolivia, Brazil, Colombia na El Salvador kwa zaidi ya miaka 5. Benznidazole ilipunguza vimelea katika damu, lakini haikuzuia moyo kuendelea kudhoofika. Kuua kimelea hakuondoi kovu.

Mgonjwa wa namna hiyo hutibiwa kama wagonjwa wengine wa moyo. Hupewa dawa za kupunguza maji mwilini, za kutuliza mapigo na za kuzuia damu kuganda. Mwenye mapigo ya polepole huwekewa betri chini ya ngozi ya kifua, na aliye katika hatari ya kifo cha ghafla huwekewa kifaa kinachoushtua moyo ukianza kutetemeka. Daktari Anis Rassi mdogo na wenzake wa mji wa Goiânia, Brazil, walichapisha 2006 orodha ya alama sita za kukadiria nani yuko hatarini zaidi, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 424. Wachache hupandikizwa moyo mpya, na hata hapo hatari haiishi, kwani dawa zinazozuia mwili kuukataa moyo huo huwapa vimelea vilivyojificha nafasi ya kuamka.

Kwa hivyo wakati wa kuutibu ugonjwa huu ni ule ambao mgonjwa hahisi chochote, na huo ndio wakati ambao hana sababu ya kwenda hospitali. WHO inasema kuwa katika nchi nyingi chini ya mtu 1 kati ya 10 walioambukizwa ndiye amegunduliwa. Kipimo ni cha damu tu. Kinachokosekana ni mtu wa kukiagiza.

Vita dhidi ya mdudu vimefanikiwa zaidi. Mnamo 1991 nchi za kusini mwa bara hilo ziliungana kunyunyizia nyumba dawa, kukarabati kuta na kupima damu inayochangwa. Uruguay ilithibitishwa 1997 kuwa imekomesha maambukizi yanayoletwa na mdudu mkuu wa nyumbani, Chile ikafuata 1999 na Brazil 2006. Zipo jamii nyingine za mdudu huyo porini, na huwezi kunyunyizia msitu wa Amazon.

Aidha watu wamehama, nao wamehama na vimelea vyao. Hispania, ambako wanaishi wahamiaji wengi kutoka Bolivia, ilianza kuwapima wachangiaji damu waliotoka maeneo hayo 2005, na Marekani ilianza kupima damu 2007. Wizara za afya huko sasa zinahimizwa kuwapima wanawake kabla ya kushika mimba, kwa sababu mwanamke aliyetibiwa mapema huwa na nafasi ndogo mno ya kumwambukiza mtoto.

Huko Brazil, wengi wanaojaa leo katika kliniki za moyo za São Paulo ni wazee waliozaliwa vijijini miaka ya 1950 na 1960, wakahamia mjini kutafuta kazi viwandani. Nyumba za udongo walimolala utotoni zilibomolewa zamani, na wadudu waliokuwa kutani hawapo tena.